Bunyonyi Hakuna Mstari

Kule Mbarara, kwenye bwawa la hoteli,
chini kabisa kuna mstari mweusi wa vigae.
Nimeufuata miezi saba, Jumanne na Alhamisi,
baada ya zamu ya wodini,
ukuta, geuka, ukuta, geuka,
mpaka nikadhani najua kuogelea.

Bunyonyi hakuna mstari.

Nilitazama chini mara moja tu:
kijani, kisha kijani kilichokomaa, kisha
kitu kisicho na rangi wala jina,
na mkono wangu mwenyewe,
namba 88 ya wino mzito,
ukipita mbele ya macho kama wa mtu mwingine.

Filimbi ilipolia tulikuwa sitini na wanne.
Sitini na wanne ni watu wa harusi ndogo,
lakini watie majini wote kwa pamoja
uone kama kuna anayemjua mwenzake.
Kisigino kilinipata mdomoni. Kiwiko, shingoni.
Bwana mmoja wa Kampala, suti ya mpira imembana kama soseji,
alinipitia mgongoni, akasema samahani,
akanipitia tena.

Pumua kila mapigo matatu, alinifundisha Tibenderana.
Mapigo ya nani? Moyo ulishapiga mia.
Miwani ikaingia ukungu,
na boya la kwanza, la rangi ya chungwa,
ambalo ufukweni nililiona karibu kiasi cha kulitemea mate,
likawa linarudi nyuma kwa adabu
kama mdeni aliyemwona mdai wake.

Baba alikuwa sajini. Kiswahili hiki alinipa yeye,
kambini Mubende, pamoja na viatu vya kupiga rangi
na neno moja: songa.
Hakuniambia mtu husongaje
mahali pasipo na pa kukanyaga.

Nikageuka chali.
Matuta ya mtama na viazi yalipanda kilima ngazi kwa ngazi,
na juu huko mwanamke amesimamisha jembe,
anatutazama watu wazima tuliolipa hela
kuja kufa maji siku ya Jumamosi.
Sikumlaumu.

Nikainua mkono.

Ukaja mtumbwi wa mkaratusi,
ndani yake kijana, koti la kuokolea kubwa kuliko yeye,
nusu ya kiazi kitamu mkononi.
"Shika ubavuni," akasema kwa Kiswahili cha soko la Katuna.
"Kushika si kosa. Kuvutwa ndiyo kosa."
Nikashika. Nikatapika ziwa kidogo, likarudi kwa wenzake.
"Jina?"
"Ayikoru."
"Mimi Ndyanabo. Nikutoe?"

Ndiyo ilishafika kwenye meno.
Sijui kwa nini nikauliza kwanza:
nikizama, utaniruka kunifuata?
Akatazama kiazi. Akatazama maji.
"Dada, mimi sijui kuogelea."

Kicheko kilitoka pale pale pumzi ilipokwama,
kikaikokota nje kwa ukosi.
Nikacheka mpaka mtumbwi ukayumba,
naye akashika kingo zote mbili, kiazi kikaanguka,
tukakiangalia kikienda chini, kijani, kijani,
mpaka hakikuwapo.
Nikaachia.

Sikuogelea vizuri. Andikeni hivyo.
Chali mapigo ishirini, kifudifudi sita,
kidogo kama mbwa, chali tena,
nikihesabu kwa namba za mama, alu, iri, na, su,
kisha alu tena, maana mbele ya hapo nilichanganya.
Mstari niliacha kuutafuta baada ya boya la pili,
ambalo nililigonga kwa kichwa.

Vidole vikagusa tope na mizizi ya mafunjo.
Nikasimama, miguu ikakataa, nikakaa, nikasimama.
Walishaanza kukunja kamba.
Mtu mmoja akapiga makofi, akaona yuko peke yake,
akanyamaza, akaona aibu, akaendelea.

Kwenye reli ndefu ya baiskeli
ilibaki moja, nyekundu, ya kuazima,
imeegemea kama mbuzi aliyekosa mnunuzi.
Sikuhitaji kutafuta namba.